Hajalala siku tano wala hachoki: ni malaria, bangi au bipola?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi wa hospitali ya wilaya, mara nyingi napangwa zamu ya usiku. Juzi ndugu walituletea kijana wa miaka 23, amefungwa kamba mikono na miguu. Walisema hajalala siku tano, anahubiri barabarani, na ameuza pikipiki ya kaka yake kwa bei ya kutupa halafu pesa akazigawa kwa watu stendi. Kaka yake alisema ni bangi. Mama yake alisema malaria imempanda kichwani. Tulimchoma diazepamu hakulala, tukarudia. Asubuhi aliamka mtulivu, tukamruhusu. Mwenzangu alitaja bipola. Nitaitambuaje pale mapokezi, na tulipaswa kufanya nini?

JIBU: Marahaba, sista. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye pikipiki. Ndugu wakifika mapokezi husimulia vurugu: amevunja mlango, amepiga watu, amevua nguo. Wewe ulisikiliza ukapata na mengine, kwamba aliuza mali isiyo yake akagawa pesa kwa wapita njia, na kwamba siku tano hajalala. Hayo mawili yananiambia mengi kuliko kelele zote za usiku ule.

Nianze na usingizi, maana ndilo swali ninaloanza nalo mimi mwenyewe. Mtu aliyekoseshwa usingizi na mawazo au maumivu huamka hoi, macho mekundu, anatamani angepata hata nusu saa. Mwenye mania, yaani ule upande wa bipola ambao mtu hupanda kupita kiasi, hapati usingizi na wala hautafuti. Anapata lepe kidogo tu, saa nane za usiku yuko uani anafagia, anawapigia simu watu aliosoma nao shule ya msingi, na kunapokucha ana nguvu kuliko jana. Kwa hiyo usiishie kuwauliza ndugu kama analala. Waulize, "Asipolala, kesho yake anachoka?" Wakikujibu kwamba hachoki hata kidogo, hapo umeshika mkia wa jambo.

Mengine huja pamoja na hilo. Maneno yanamtoka kama mvua na huwezi kuchomeka lako. Wazo linarukia jingine kabla la kwanza halijatua. Ana mipango mikubwa, ana ujumbe kutoka kwa Mungu au kwa Rais, pesa haikai mkononi, tamaa ya mwili imepanda, na ukimzuia anawaka. Anaweza kuwachekesha wauguzi wote, na dakika moja baadaye akamrukia mlinzi aliyesimama mlangoni. Vigezo tunavyotumia vinataka hali hiyo idumu wiki nzima, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, lakini ikiwa kali kiasi cha kulazwa hatuhesabu siku. Ikiwa nyepesi, ya siku nne au zaidi, isiyovuruga maisha kwa kiwango hicho, tunaiita mania ndogo. Upande wa pili wa ugonjwa ni sonona: wiki mbili au zaidi za huzuni nzito, au za kukosa hamu na kila kitu. Wengi hudhani lazima uone pande zote mbili ndipo useme bipola. Mania kamili ikitokea mara moja tu, na ikawa haikuletwa na ugonjwa mwingine wala dawa wala kilevi, inatosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu. Wengi wao huanza mwishoni mwa ujana au kwenye miaka ya ishirini, umri wa kijana wako.

Tena umlinganishe na yeye mwenyewe. Mhubiri anayehubiri stendi kila Jumamosi hajaugua. Fundi mkimya ambaye hata kwenye kikao cha harusi hasemi, akianza ghafla kuwahubiria abiria, huyo amebadilika. Anayejua hilo ni ndugu, kwa hiyo mtoe mmoja pembeni umuulize: alikuwaje mwezi uliopita? Kuna kipindi aliwahi kujifungia ndani wiki kadhaa, haogi, hali? Kuna mjomba au shangazi aliyewahi kuugua hivi, au aliyejiua?

Sasa, sista, kabla hujaandika neno bipola kwenye jalada, shika mwili. Mama aliyesema malaria imepanda kichwani anastahili kusikilizwa, kwa sababu malaria kali huchanganya watu kweli, na sukari iliyoshuka vilevile, na homa ya uti wa mgongo vilevile. Kidole kimoja kinakupa sukari na kipimo cha haraka cha malaria. Ongeza joto, mapigo, presha, oksijeni, na uangalie kama shingo imekakamaa. Halafu papasa kichwa. Papasa kweli, kwa vidole, chini ya nywele. Mtu mwenye mania anayeingia kwenye nyumba za watu usiku hupigwa akidhaniwa mwizi, na damu inaweza kuwa inavuja ndani ya fuvu huku nyote mnangoja dawa ya usingizi ifanye kazi. Usingizi mzito baada ya sindano na usingizi wa mtu anayepoteza fahamu hufanana sana saa kumi alfajiri. Kama kuna majeraha ya kupigwa, PF3, ile fomu ya polisi, itafuata, ila isicheleweshe tiba.

Kipimo kisichohitaji mashine ni mazungumzo. Mwenye mania, hata awe amepanda vipi, kwa kawaida anajua yuko wapi, ni mchana au usiku, na huyu ni mama yake. Aliyechanganywa na ugonjwa wa mwili huelea. Sasa hivi anakujibu vizuri, baada ya robo saa anakuita kwa jina la marehemu bibi yake na anakamata wadudu wasioonekana. Ukiona kuelea huko, au homa, au degedege, au mtu wa miaka 50 anayeugua hivi kwa mara ya kwanza maishani, tafuta chanzo mwilini kwa bidii zote. Pima na VVU, kwa ridhaa yake atakapoweza kuitoa au kwa utaratibu wenu wa dharura, kwa sababu virusi vikifika mbali huweza kuleta mania kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na bipola. Tahadhari moja: katika mikoa yenye malaria nyingi, kipimo kikisoma chanya hakijamaliza kesi. Mtibu malaria yake na uendelee kuangalia. Vivyo hivyo bangi. Bangi, mirungi na vilevi vingine vinaweza kuwasha hali kama hii, na mtu mwenye bipola naye anaweza kuvuta. Mara nyingi huzidisha kuvuta wakati mania imeshaanza, ndugu wakaona moshi wakadhani ndio chanzo. Uliza kilitangulia nini, bangi au kukosa usingizi.

Nikwambie kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa mama wa makamo tuliyemfahamu wote. Alikuwa na bipola, ametumia lithiamu, dawa ya kuituliza, miaka mingi. Jalada lake lilikuwa na neno hilo kwa wino mwekundu juu kabisa. Mwanawe akasema, "Daktari, ugonjwa umerudi." Mama alikuwa anaongea maneno yasiyoshikana na kupepesuka. Niliandika haloperido, dawa ya kutuliza mania, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi wa zamu ndiye aliyempa chai, akaona kikombe kinagonga meno na chai yote inamwagikia kwenye kanga, mikono inatetemeka kwa mapana. Akamgeukia binti: mama amekula nini, amemeza nini? Kumbe alikuwa na siku tatu za kuharisha, na kwa ajili ya magoti alinunua diklofenaki duka la dawa. Ile haikuwa mania. Lithiamu ilikuwa imejaa mwilini ikawa sumu.

Lithiamu hutolewa na figo. Mtu akiharisha, akitapika, akifunga bila kunywa maji ya kutosha, au akimeza diklofenaki, ibuprofeni, au baadhi ya dawa za presha, figo huizuia, na kiwango kinapanda taratibu bila mtu kuongeza hata kidonge kimoja. Kiwango tunachokitaka kwenye damu ni kati ya 0.6 na 1.0 mmol/L. Kikipita 1.5 hatari imeanza. Lakini kwa aliyeitumia muda mrefu usiingoje namba, na hospitali nyingi za wilaya hazina kipimo hicho hata hivyo. Kutetemeka kwa mapana, kuharisha, ulimi mzito, mwendo wa mlevi na kuchanganyikiwa vinakutosha kusimamisha lithiamu palepale, kuweka dripu ya chumvi, kupima figo na sodiamu, na kupiga simu ya rufaa mahali penye uwezo wa kusafisha damu. Mkaa wa kunyonya sumu haushiki lithiamu. Mama yule alipona. Muuguzi yule nimemkumbuka katika kila jalada lenye jina la ugonjwa limeandikwa tayari juu.

Turudi kwa kijana wako na kamba zake. Wengi wetu tumeikuta hali hiyo, ndugu wametoka mbali na mtu juu ya bodaboda au nyuma ya pikapu, na hawakuwa na njia nyingine. Usiwafokee. Usizikate pia peke yako mlangoni kwa huruma, maana akinyanyuka ghafla mtaumia wote na yeye ataumia zaidi. Tafuta watu watano, mmoja wa kichwa na mmoja kwa kila kiungo, chumba chenye utulivu, na mtu mmoja tu wa kuongea. Simama upande wa mlango, usimzibie njia wala yeye asikuzibie. Sauti iwe ya chini. Jina lako, kazi yako, unachotaka kufanya. "Kaka, naitwa fulani, ni muuguzi. Hizi kamba zinakuumiza, nataka tuzitoe. Nina kidonge na nina sindano, wewe utachukua kipi?" Usishangae ni mara ngapi watu huchagua kidonge. Risperidoni 2 mg au olanzapini 10 mg kwa mdomo hufanya kazi nzuri, na mtu aliyechagua mwenyewe huamka bila kinyongo na hospitali.

Akikataa na hatari ipo, sindano. Hapa nizungumzie diazepamu mliyomchoma. Ikichomwa kwenye msuli hufyonzwa polepole na bila mpangilio. Ndiyo maana hakulala, na ndiyo maana kurudia kunatisha: dozi ya kwanza na ya pili zinaweza kukutana baadaye, na kama alikuwa amekunywa pombe, pumzi ikalegea wakati mmeshapumua nyinyi. Lorazepamu kwenye msuli ni nzuri pale inapopatikana. Lakini mchanganyiko ninaoutegemea, na ambao dawa zake zimo kwenye makabati mengi ya wilaya, ni haloperido 5 mg na prometazini 25 hadi 50 mg, zote kwenye msuli. Kwa mzee au mtu mdogo wa mwili, nusu yake. Mchanganyiko huu ulijaribiwa katika vyumba vya dharura vyenye msongamano kama wetu, Rio de Janeiro kule Brazili na Vellore kule India. Katika matokeo ya Rio yaliyochapishwa 2007, waliokakamaa misuli walikuwa wale waliopewa haloperido peke yake bila prometazini. Toa, ngoja nusu saa mpaka saa nzima, kisha ndipo uamue kuongeza. Na kama mnayo olanzapini ya sindano, usiichome karibu na sindano ya diazepamu au lorazepamu, pumzi inaweza kuzimika.

Kukakamaa huko ukuone mara moja hutakusahau. Shingo inapinda upande, macho yanageukia juu na kubaki huko, taya linakaza, na mgonjwa anaogopa kufa huku akili yake iko timamu. Ndugu watasema shetani amerudi. Ni dawa. Prometazini ya sindano au ile tunayoizoea kwa jina la Artane huilegeza, ya sindano ndani ya dakika chache. Mweleze mama yake kabla haijatokea, usingoje itokee.

Akilala, mlaze ubavu. Kamwe asilazwe kifudifudi, na asiwepo mtu wa kumkalia kifuani au mgongoni, watu wamekufa hivyo. Hesabu pumzi kila robo saa kwa saa ya kwanza, pamoja na presha na mapigo. Kama imebidi abaki amefungwa, tumia vitambaa badala ya kamba za katani, pitisha vidole viwili chini yake, angalia rangi ya kucha zake, kaa karibu, na ufungue mara tu inapowezekana.

Wanawake nisiwapite. Mama aliyejifungua ndani ya wiki mbili, halali, maneno mengi, anasema mtoto ana nuru au ana pepo: hiyo ni dharura kama kutokwa damu. Mara nyingi ni bipola inayojitokeza kwa mara ya kwanza. Anza kwa kutafuta maambukizi na kifafa cha mimba, umlaze, na mtoto asiachwe naye peke yake hata kwa dakika za kwenda chooni. Na mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa asianzishiwe sodiamu valproeti. Takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni dawa hiyo ikitumika huzaliwa na kasoro, na wengi zaidi hupata shida ya kukua kiakili.

Lakini anayenitia wasiwasi kuliko kijana wako ni yule anayeingia kimya. Anakaa benchi la mwisho, amejifunika khanga, analalamika kifua kinauma au mwili hauna nguvu. Watu wenye bipola hukaa upande wa sonona muda mrefu kuliko upande wa mania, na huko ndiko wengi wanakofia. Hatari huzidi pale pande mbili zinapochanganyika, mtu ana huzuni ya kutaka kufa na papo hapo ana nguvu na haraka ya mania. Muulize wazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mimi husema, "Watu wakifika mahali ulipofika wewe, wengine huona afadhali wafe. Wewe umefika hapo?" Akisema ndiyo, uliza kwa njia gani, na kama hiyo dawa ya wadudu au ya panya iko nyumbani, na mwambie ndugu aiondoe leo. Jua pia kwa nini wanaficha. Kwa Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia huja na hadithi ya kunywa sumu kwa bahati mbaya. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Sisi kwa sasa tuwahakikishie kwamba pale wodini tunatafuta uhai wake tu.

Na kabla mtu hajaandikiwa amitriptilini au fluoksetini kwa sonona, uliza swali la pikipiki: kuna wakati uliwahi kuwa na nguvu nyingi, hulali na huchoki, ukatumia pesa mpaka watu wakashangaa? Dawa ya sonona peke yake kwa mwenye bipola inaweza kumrusha kwenye mania. Na aliyefika tayari na mania huku anatumia dawa hiyo, isimamishwe.

Sasa kosa lenu, nami nalitaja kwa upendo kwa sababu tumelifanya wengi. Mlimruhusu kwa kuwa aliamka mtulivu. Utulivu ule ulikuwa wa diazepamu. Dawa iliisha mwilini, mania haikuisha. Mania ikiachwa huweza kuendelea kwa wiki kadhaa au hata miezi, na katika muda huo mtu anapoteza kazi, ndoa, shamba, au anagongwa barabarani. Alitakiwa kulazwa, au kupewa rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa akiwa na barua: alifika saa ngapi, sukari ngapi, malaria ipo au haipo, amechomwa nini na saa ngapi. Bila barua hiyo, wenzako watamchoma upya juu ya zile zako. Ndugu wengi wakisikia rufaa ya akili wanasikia "Mirembe", hospitali ya akili ya Dodoma, na moyo unawapasuka, wanadhani ndiyo safari ya kutorudi. Waambie wagonjwa wengi hutibiwa mkoani na kurudi nyumbani, na mtu mwenye bipola anayetumia dawa vizuri anafundisha darasani, anaendesha duka, analea watoto. Dawa zenyewe, lithiamu au kabamazepini au risperidoni na wenzake, ataanzishiwa na daktari. Kumbusha tu kwamba kabamazepini hugombana na dolutegraviri, dawa ya VVU, na baadhi ya njia za uzazi wa mpango. Na kutumia dawa hakuishii siku anapopata nafuu. Angalau miaka miwili baada ya mara ya mwisho ya kuugua, na wengi huendelea zaidi ya hapo.

Kama mama anataka maombi, kisomo au mganga, usigombane naye. Mwambie maombi na vidonge vinakaa nyumba moja, ila asimwache mtu amfungie mwanawe kwenye mti, amnyime chakula au amwachishe dawa.

Kwenye rejista yenu ya usiku ule lazima kuna namba ya simu ya kaka yake. Mpigie leo hii, kabla hujaingia zamu. Muulize jana kijana alilala saa ngapi, na kama hakulala, je, alichoka? Ukipata jibu ninalolidhania, waambie wamrudishe bila kamba kama anakubali kuja, wakati wa mchana, na uwe umeshamweleza daktari wa zamu kwamba anakuja.